Willie Mae Thornton na Nyimbo Zilizomponyoka

Miongoni mwa mijadala isiyokwisha baina ya wapenzi wa muziki wa roki ni ule unaouliza iwapo wimbo huongezeka thamani au hupungukiwa pale unapochukuliwa na mwimbaji mwingine na kuimbwa upya. Wapo wanaoshikilia kwamba chanzo ndicho chanzo, na kila kinachofuata ni mwangwi tu. Wapo pia wanaodai kuwa wimbo ni kama jembe, kwamba ubora wake haujulikani mpaka ushikwe na mkono unaojua kulima. Aghalabu mjadala huu huendeshwa kana kwamba ni suala la masikio peke yake. Maisha ya Willie Mae Thornton, mwimbaji Mmarekani mweusi aliyejulikana zaidi kwa jina la Big Mama, yanatukumbusha kwamba limo tumbo pia katika suala hili. Nyimbo mbili alizozipa uhai zilichukuliwa na waimbaji wawili weupe, Elvis Presley na Janis Joplin, na kila mmoja akapanda kwazo ngazi ya umaarufu ambayo Thornton mwenyewe hakuwahi kuifikia.

Thornton alizaliwa tarehe 11 Desemba 1926 katika jimbo la Alabama, kusini mwa Marekani. Mwenyewe alizoea kuutaja mji wa Montgomery kuwa ndiko alikozaliwa, ingawa kumbukumbu nyingine huelekeza kwenye mji mdogo wa Ariton. Baba yake alikuwa mhubiri wa kanisa la Kibaptisti na mama yake mwimbaji katika kanisa hilo hilo. Hizi zilikuwa zama za ubaguzi uliowekewa sheria: shule za weusi mbali na za weupe, milango yao mbali, hata mabomba yao ya maji mbali. Mama alifariki Willie Mae angali kigoli. Binti huyo akaacha masomo na kuajiriwa katika kilabu cha pombe, kazi yake ikiwa kusugua sakafu na kuosha vyombo ambamo walevi walitemea mate ya tumbaku. Mtu aliyeanza maisha kwa kazi ya namna hiyo hapaswi kushangaza akija kuimba kwa ukali.

Mnamo mwanzo wa miaka ya 1940, akiwa na umri wa miaka kumi na minne hivi, alijiunga na kundi la maonyesho la Sammy Green lililokuwa likizunguka miji ya kusini. Humo aliimba, akacheza, akachekesha watu. Hakuna aliyemkalisha chini kumfundisha. Alijifunza kupiga ngoma kwa kuwatazama wapiga ngoma, na kinanda cha mdomo kwa kuwatazama wapiga vinanda, kama ambavyo mwanagenzi wa ushairi hukaa pembeni mwa malenga akiokota beti mpaka siku anapothubutu kufumbua kinywa. Watangazaji wa maonyesho hayo walipenda kumlinganisha na Bessie Smith, malkia wa muziki wa bluzi aliyefariki mwaka 1937.

Yafaa kusimama hapa kidogo, kwa sababu malezi haya ndiyo yanayofanya swali la wimbo asilia kuwa gumu. Katika ulimwengu wa bluzi, kama ilivyo katika fasihi simulizi kwa jumla, kuimba wimbo wa mwenzio hakukuwa wizi. Ubeti ulisafiri kutoka mdomo hadi mdomo. Kila fanani aliuongeza lake na kuuacha njiani kwa ajili ya mwingine. Kipimo cha ubora hakikuwa nani aliyetangulia, bali nani aliyeiteka hadhira usiku ule. Utaratibu huu ulikuwa na haki yake ilimradi wote wanaoazimana wawe wamekaa mkeka mmoja na kula sahani moja. Uliharibika pale ambapo sahani za santuri, mikataba na sheria za hakimiliki zilipoingia kati, na baadhi ya waazimaji wakawa na milango ya kuingilia ambayo wenzao walifungiwa.

Thornton aliliacha kundi la Green mwaka 1948 na kukaa Houston, jimboni Texas. Mwaka 1951 alitia saini mkataba na kampuni ya Peacock, iliyomilikiwa na Don Robey. Robey alikuwa mfanyabiashara mweusi mwenye kilabu cha muziki mjini humo, mtu aliyefungua njia kwa waimbaji wengi weusi wakati ambapo kampuni kubwa ziliwapuuza. Papo hapo alikuwa na mazoea ya kununua nyimbo kwa fedha kidogo na kujiandikisha yeye kuwa mtunzi. Mkono uliomtoa Thornton shimoni ndio uliokuwa umeshika mfuko.

Katika mwaka 1952 Robey alimpeleka Los Angeles kufanya kazi na kiongozi wa bendi Johnny Otis, mtoto wa wahamiaji wa Kigiriki ambaye alichagua kuishi maisha yake yote miongoni mwa watu weusi. Otis aliwaalika vijana wawili wa Kiyahudi, Jerry Leiber na Mike Stoller, waje kusikiliza waimbaji wake wakifanya mazoezi. Wote wawili walikuwa na umri wa miaka 19. Walipomwona Thornton, mwanamke wa miraba minne aliyevaa suruali na shati la kazi na kuunguruma badala ya kuimba kwa kubembeleza, walitoka mbio kwenda kuandika. Wimbo ulikamilika kwa muda wa robo saa hivi. Jina lake, Hound Dog, lina maana ya mbwa wa kuwindia, lakini hakuna mbwa yeyote ndani yake. Ni mwanamke anayemtimua mlangoni mwanamume mdoezi, mtu aliyezoea kuja kula vyake na kujitia mstaarabu. Wasikilizaji weusi wa wakati ule hawakuhitaji kufafanuliwa fumbo hilo, kama ambavyo mtu wa pwani hahitaji kufafanuliwa mpasho wa taarabu.

Inasimuliwa kwamba Thornton alipokabidhiwa karatasi alianza kuuimba wimbo ule polepole kwa sauti ya mahaba. Leiber akajaribu kumweleza kuwa haukukusudiwa hivyo, na mwanamke yule akakasirika kwamba kitoto cha kizungu kinataka kumfundisha bluzi. Otis akamwambia kijana auimbe mwenyewe ili asikike anakusudia nini. Thornton akasikia, akaelewa, kisha akaufanya kitu ambacho Leiber hangeweza kukifanya. Ulirekodiwa tarehe 13 Agosti 1952, Otis akipiga ngoma na Pete Lewis akipiga gitaa. Sehemu kubwa ya yale yanayoufanya uwe hai hayakuwa kwenye karatasi: miguno, vicheko, maneno ya kumchochea mpiga gitaa, na mwishoni wanamuziki wakibweka na kulia kama mbwa. Katika istilahi za fasihi simulizi, Leiber na Stoller walitoa matini, naye akatoa utendaji. Sheria ya Marekani iliijua matini tu.

Jina la Big Mama alilipata katika mwaka huo huo, baada ya kuitingisha hadhira ya ukumbi wa Apollo huko Harlem, New York. Wimbo ulitolewa mapema mwaka 1953 na ukakaa kwa majuma 7 katika nafasi ya kwanza ya chati ya muziki wa watu weusi. Kwamba palikuwa na chati ya watu weusi na nyingine ya watu wote ni habari tosha kuhusu nchi yenyewe. Muda mfupi baadaye kampuni ya Sun ya Memphis ilitoa wimbo wa kujibu, ulioimbwa na Rufus Thomas kwa sauti ya yule mwanamume aliyefukuzwa. Robey alishtaki na kushinda. Kwa wimbo uliouzwa nchi nzima, Thornton alisema hadi kufa kwake kwamba aliona hundi moja tu ya dola 500.

Aliendelea kuirekodia Peacock kwa miaka kadhaa, lakini hakupata tena wimbo wa kiwango hicho. Usiku wa Krismasi ya mwaka 1954 alikuwapo katika chumba cha nyuma ya jukwaa la ukumbi wa mji wa Houston wakati mwimbaji mwenzake, Johnny Ace, alipojipiga risasi kichwani akichezea bastola. Wakati huo mapenzi ya vijana yalikuwa yameanza kuhamia kwenye muziki mpya wa roki, ambao ulikuwa umeazima karibu kila kiungo chake kutoka kwa watu kama yeye.

Safari ya Hound Dog kutoka kwa Thornton hadi kwa Presley haikuwa ya moja kwa moja, na jambo hili husahauliwa mara nyingi. Katikati yao palikuwa na bendi ya weupe, Freddie Bell and the Bellboys, iliyoburudisha watalii katika mahoteli ya Las Vegas. Bell aliona maneno ya wimbo yana ukali usiofaa meza za watalii. Akamwondoa mwanamume mdoezi, akaleta mbwa halisi asiyejua hata kukamata sungura, akaugeuza wimbo kuwa kichekesho. Presley alipokwenda kutumbuiza mjini humo katika majira ya kuchipua ya 1956 aliisikia bendi hiyo, akacheka, akaupenda. Hakuna shaka kwamba Presley aliijua na kuipenda bluzi tangu utotoni. Lakini alichokibeba kutoka Las Vegas kilikuwa nakala ya nakala.

Tarehe 5 Juni 1956 aliuimba katika kipindi cha televisheni cha Milton Berle huku akikatika viuno, na magazeti yakamshambulia kwa majuma mazima. Tarehe 1 Julai, katika kipindi cha Steve Allen, alivalishwa koti la sherehe na kuamriwa amwimbie mbwa wa kweli aliyevishwa kofia. Alivumilia fedheha hiyo kwa uungwana. Kesho yake, tarehe 2 Julai, aliingia studio ya kampuni ya RCA mjini New York na kuurudia wimbo takriban mara 30 mpaka aliporidhika. Pamoja na wimbo mwingine ulioko upande wa pili wa santuri, ulishika nafasi ya kwanza Marekani kwa majuma 11 na kuuzwa kwa mamilioni.

Mike Stoller alizipata habari hizo kwa namna ya ajabu. Mwishoni mwa Julai 1956 alikuwa anarejea kutoka Ulaya katika meli ya Andrea Doria, ambayo iligongana na meli nyingine karibu na pwani ya Marekani na kuzama. Aliokolewa, akafikishwa New York, na bandarini akamkuta Leiber akimngoja na nguo kavu na taarifa kwamba wimbo wao umekuwa mkubwa. Stoller aliuliza kama ni Hound Dog ya Big Mama Thornton. La, alijibiwa, ni ya kijana mmoja mweupe aitwaye Elvis Presley.

Je, Presley aliuboresha? Haki itendeke: santuri yake ina nguvu isiyokanika. Ngoma za D. J. Fontana zinapigwa kama bunduki, mwendo ni wa kasi, gitaa la Scotty Moore linakwaruza kwa makusudi, na ghadhabu iliyomo humo huenda ilitokana na yale ya koti na mbwa. Kwa upande wa fani ni kazi ya kutikisa ukuta. Ila mwenye kuzingatia maudhui atauliza: ghadhabu hii inaelekezwa kwa nani? Wimbo wa Thornton una mlango, una mwanamke aliyesimama kizingitini, una mwanamume mwenye hila anayejulikana sura na tabia. Toleo la Presley halina mlango wala mtu. Leiber mwenyewe, aliyefaidika nalo kuliko wengi, hakuacha kulalamika kwamba maneno yale ya sungura yalikuwa upuuzi. Anayesema kwamba Presley aliuboresha wimbo wa Thornton, kwa hakika analinganisha vitu viwili visivyo vya jinsi moja. Alitengeneza wimbo mwingine, mzuri kwa njia yake, na kuupachika jina la ule wa kwanza.

Upande wa malipo, hesabu haikuwa na utata. Chini ya sheria ya Marekani ya mwaka 1909, wimbo ukishatolewa katika santuri, yeyote aliruhusiwa kuurekodi upya ilimradi mwenye hakimiliki alipwe senti 2 kwa kila nakala. Mtunzi na mchapishaji walilindwa. Mwimbaji wa kwanza, hata kama miguno yake ndiyo iliyoufanya wimbo utamanike, hakuwa na chochote. Presley alipouza mamilioni, Leiber, Stoller, Robey na kampuni ya Presley ya uchapishaji wote walikuwa na fungu lao. Thornton hakuwa nalo. Msomaji wa Afrika Mashariki anayekumbuka mivutano iliyouzunguka wimbo wa Malaika hatapata taabu kuielewa picha hii.

Mkataba wake na Peacock ulimalizika katika miaka hiyo ya 1950. Thornton alihamia California, akakaa katika eneo la Ghuba ya San Francisco, akipiga muziki katika vilabu vidogo kwa ujira wa usiku mmoja mmoja, pengine akipiga ngoma mwenyewe kwa kukosa mpiga ngoma. Ni katika kipindi hiki cha ukame alipotunga Ball and Chain. Jina hilo linarejelea tufe la chuma ambalo wafungwa walifungwa mguuni kwa mnyororo, na wimbo unalitumia kama sitiari ya mapenzi yanayomwelemea mtu mpaka ashindwe kuinua hatua. Mara hii maneno na mahadhi yote yalikuwa yake. Aliurekodi mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwa kampuni ndogo iitwayo Bay-Tone. Kampuni haikuitoa santuri hiyo, lakini hakimiliki ikaishikilia.

Bahati ilimwendea kidogo mwaka 1965, alipochukuliwa katika msafara wa wanamuziki wa bluzi waliozuru Ulaya. Huko alipokewa kwa heshima ambayo nyumbani hakuizoea. Tarehe 20 Oktoba 1965 alirekodi London akiwa pamoja na mpiga gitaa Buddy Guy, na albamu hiyo ikatolewa na kampuni ya Arhoolie ya Chris Strachwitz. Mwaka uliofuata alirekodi San Francisco pamoja na Muddy Waters na bendi yake. Katika rekodi ya London umo wimbo wa Little Red Rooster, uliotungwa na Willie Dixon na kurekodiwa na Howlin' Wolf mwaka 1961, na ambao Rolling Stones walikuwa wameufikisha nafasi ya kwanza Uingereza mwishoni mwa 1964. Thornton naye, basi, alikuwa mrudiaji wa nyimbo za wengine, na hodari sana. Baadaye alirekodi hata Summertime ya George Gershwin. Anayetaka kumfanya mtetezi wa nyimbo asilia dhidi ya zilizorudiwa hatapata ushahidi katika kazi zake. Hakuchukia nyimbo kurudiwa, alichukia kutolipwa.

Janis Joplin alikuwa msichana wa Texas aliyekimbilia San Francisco, akawa mwimbaji wa bendi ya Big Brother and the Holding Company. Usiku mmoja yeye na wenzake walikwenda kumsikiliza Thornton katika kilabu, na wimbo wa Ball and Chain ukawashika. Walimfuata nyuma ya jukwaa wakamwomba ruhusa ya kuuimba. Thornton aliwakubalia, akawaandikia maneno. Bendi iliubadilisha kwa kiasi kikubwa: iliupunguza kasi, ikauhamisha kwenye ufunguo wa huzuni, ikauwekea magitaa yanayolia kama chuma kinachokatwa, na kuacha mianya ya kimya ambamo sauti ya Joplin ilianguka na kuinuka peke yake.

Mwezi Juni 1967, katika tamasha la Monterey, Joplin aliuimba wimbo huo mbele ya maelfu. Mara ya kwanza bendi haikupigwa filamu, kwa hiyo iliombwa irudi jukwaani siku ya pili ili ipigwe filamu. Katika filamu hiyo anaonekana mwimbaji Cass Elliot akiwa ameketi miongoni mwa watazamaji, kinywa wazi kwa mshangao. Tangu siku hiyo Joplin alikuwa mtu mwingine. Albamu ya Cheap Thrills, iliyotolewa Agosti 1968 na ambayo Ball and Chain ndio wimbo wake wa kufungia, wenye urefu wa zaidi ya dakika 9, ilishika nafasi ya kwanza Marekani kwa majuma 8.

Hapa jibu la swali letu linakuwa tofauti na lile la Presley. Joplin hakuutupa mlango wa wimbo. Alilichukua lile lile tufe la chuma, lile lile swali la kwa nini mapenzi yaumize hivi, na kulibeba mpaka mahali ambapo sauti yake ilikaribia kupasuka. Thornton anaimba kama mtu anayeujua uzito wa mnyororo na aliyezoea kutembea nao. Joplin anaimba kama mtu aliyeamka asubuhi akaukuta mguuni. Kuna masikio yatakayopenda utulivu wa mkubwa, na mengine yatapenda kilio cha mdogo. Kwa ukumbi mkubwa na kwa kizazi kile, toleo la Joplin lilikuwa na nguvu zaidi, na hakuna sababu ya kulikataa hilo kwa ajili ya kumhurumia Thornton. Ni urudiaji wa kweli: umeongeza bila kuharibu. Aidha Joplin alikuwa akimtaja Thornton jukwaani kuwa ndiye mwenye wimbo, adabu ambayo ilikuwa nadra.

Lipo pia jambo la ajabu katika mpangilio wa tarehe. Kwa kuwa Bay-Tone ilikuwa imeufungia wimbo, Thornton alikuja kuwa na santuri yake mwenyewe ya Ball and Chain mwaka 1968, kupitia Arhoolie, baada ya Joplin kwisha kuutingisha ulimwengu kwao kule Monterey. Kwa msikilizaji wa kawaida, basi, toleo la mtunzi lilifika dukani kama la pili. Wako waliodhani kwamba mama yule mzee anamwiga Joplin. Neno asilia linateleza mkononi katika hali kama hii.

Na fedha? Safari hii Thornton alikuwa mtunzi, kwa hiyo sheria ile ile iliyomwacha mikono mitupu mwaka 1956 ingepaswa kumlinda. Lakini hakimiliki ilikuwa mikononi mwa Bay-Tone, na sehemu kubwa ya malipo ya uchapishaji yaliyotokana na Cheap Thrills ikampita. Alichovuna ni jina: mashabiki wa Joplin walianza kumtafuta, na mialiko ya matamasha ikaongezeka. Kampuni ya Mercury ikatoa albamu yake mwaka 1969. Mwaka 1971 alirekodi nyimbo za kidini, kama aliyekumbuka kanisa la baba yake. Joplin alikuwa ameshafariki, tarehe 4 Oktoba 1970, akiwa na umri wa miaka 27.

Mwaka 1975 kampuni ya Vanguard ilitoa albamu mbili za Thornton. Moja, iitwayo Jail, ilirekodiwa mbele ya wafungwa katika magereza mawili ya majimbo ya Washington na Oregon. Humo ameimba Hound Dog na Ball and Chain kwa mfululizo wake mwenyewe, bila kumdai mtu chochote, na wafungwa wanasikika wakipiga kelele za furaha. Ukisikiliza wimbo wa mnyororo ukiimbwa mbele ya watu waliofungwa kweli, unajua kwamba kuna hadhira ambayo Joplin hangeifikia. Huenda hii ndiyo rekodi yake inayostahili kusikilizwa zaidi kuliko zote, ingawa wachache huitaja.

Pombe ilikuwa rafiki yake wa muda mrefu, na ilimlipa kama inavyowalipa marafiki zake. Alipata ajali mbaya ya gari, akapona, akarejea jukwaani. Mwili uliompa jina ulikonda mpaka wasiomwona kwa muda walishindwa kumtambua. Aliendelea kuimba, nyakati nyingine akiwa ameketi, bado katika suti ya kiume na kofia. Tarehe 25 Julai 1984 alikutwa amekufa katika nyumba ya vyumba vya kupanga mjini Los Angeles. Alikuwa na umri wa miaka 57. Johnny Otis, aliyempigia ngoma mwaka 1952 na ambaye kufikia wakati huo alikuwa mchungaji, ndiye aliyeongoza ibada ya mazishi.

Mwaka huo huo aliingizwa katika orodha ya heshima ya wanamuziki wa bluzi. Jumba la heshima la muziki wa roki, ambalo lilimwingiza Presley mwaka 1986, Leiber na Stoller mwaka 1987, na Joplin mwaka 1995, lilimkumbuka mwaka 2024.

Mnamo Agosti 1970, miezi miwili kabla ya kufa kwake, Joplin alikuwa amechangia fedha za kununua jiwe la kaburi la Bessie Smith, ambalo lilikuwa halina alama tangu mwaka 1937. Willie Mae Thornton, aliyeanza safari yake akiitwa Bessie Smith mpya, amezikwa katika makaburi ya Inglewood Park, California, katika kaburi la pamoja. Jiwe lake lina majina matatu, lake likiwa mojawapo.